Kichupa cha Dozi Kumi na Hesabu ya Mzazi wa Tanga

Mzazi wa Tanga anayempeleka mwanawe kliniki haulizwi anapendelea chanjo ipi. Ratiba imekwisha kupangwa: BCG ya kuzuia kifua kikuu na matone ya polio mtoto anapozaliwa, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 14 sindano ya chanjo tano kwa pamoja, sindano ya kuzuia nimonia, matone ya polio na matone ya kuzuia kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, mwezi wa 9 na wa 18 chanjo ya surua na rubela, na binti anapokuwa na umri kati ya miaka 9 na 14, sindano ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Zote hutolewa bure katika vituo vya umma. Kwa kuwa ni bure, mazungumzo ya kisera huendeshwa kana kwamba suala la gharama limefungwa, na kilichobaki ni kuwaelimisha wazazi ili wapende kile wanachopewa. Mimi naona kinyume chake. Wazazi wetu kwa sehemu kubwa wanazipenda chanjo, na wana sababu, kwa maana nyanya zao waliwazika watoto wa surua na wa pepopunda. Wanachokipima kila mara ni safari ya kwenda kuzifuata, na bei ya safari hiyo hupangwa na watu ambao hawailipi.

Wataalamu wa uchumi wa afya wana njia ya kupima mapendeleo ya wazazi. Humwekea mzazi chanjo mbili za kubuni, moja yenye kinga kubwa lakini ghali na yenye kuleta homa, nyingine nafuu yenye kinga ndogo na sindano nyingi zaidi, kisha humwomba achague; baada ya kurudia swali hilo kwa sura tofauti tofauti, hupata kujua ni kiasi gani cha fedha mzazi yuko tayari kutoa ili kuepuka sindano moja au usiku mmoja wa homa. Njia hiyo ina manufaa katika nchi ambazo mzazi hulipia au huchagua kweli. Ukiileta Pangani au Mkinga kama ilivyo, utapata majibu mazuri kwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mzazi huyo katika maisha yake. Swali linalomkabili yeye ni jingine: leo niende au niache, na nikienda, nitarudi na mtoto aliyechanjwa au nitarudi mikono mitupu?

Hapo ndipo kichupa kinapoingia. Chanjo ya surua na rubela huletwa ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha dozi 10, na BCG kwa kawaida huja katika kichupa cha dozi 20. Muuguzi akishaichanganya na kimiminika chake, ana saa sita tu. Zikipita, kilichobaki lazima kimwagwe. Sharti hilo halikuwekwa kwa urasimu. Chanjo hizo hazina kihifadhi cha kuzuia bakteria wasizaliane, na mwaka 2017 huko Sudan Kusini watoto 15 walifariki baada ya kuchomwa chanjo ya surua iliyoharibika, ambayo ilikaa siku kadhaa nje ya baridi na kuchanganywa kwa bomba moja lililorudiwa kwa vichupa vingi. Chanjo ya tano kwa pamoja ni tofauti, kwa kuwa ni ya maji na ina kihifadhi. Kichupa chake kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 mradi masharti ya jokofu yamefuatwa. Ndiyo maana mama mwenye mtoto wa wiki 10 huhudumiwa siku yoyote, ilhali jirani yake mwenye mtoto wa miezi 9, waliyepanda naye bodaboda moja, anaambiwa: “Mama, leo watoto hawajatimia, rudi Alhamisi.”

Tuitazame hesabu iliyo nyuma ya maneno hayo. Benchini wako watoto watatu wanaosubiri chanjo ya surua. Kichupa kikifunguliwa, dozi saba zitamwagwa. Dozi moja, kwa bei ambayo mashirika ya kimataifa huinunulia nchi kama yetu, haifiki dola 1, kwa hiyo hasara ya serikali haifiki dola 7. Upande wa pili kuna akina mama watatu, kila mmoja na nauli ya kwenda na kurudi, kila mmoja na asubuhi nzima iliyokwenda bure, na kila mmoja akitakiwa kuirudia safari hiyo hiyo baada ya siku mbili. Simlaumu muuguzi. Yeye huulizwa juu ya dozi zilizopotea, wala haulizwi juu ya mama aliyerudishwa, ambaye haandikwi popote. Na mtu yeyote mwenye mkuu wa kazi atalinda kile anachoulizwa. Ninachosema ni kwamba akiba hiyo ya dola chache haikuokolewa, imehamishwa tu kutoka bajeti ya wilaya kwenda kwenye pindo la kanga ya mama, mahali ambapo mkaguzi wa hesabu hafiki.

Kuna watakaojibu kwamba dola 7 zikizidishwa kwa zahanati zote na kwa wiki zote za mwaka si fedha ndogo, na wana haki kusema hivyo. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahimiza kichupa kifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja, kwa sababu mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena. Tena kuna njia ya kati. Vichupa vya dozi 5 vipo. Bei yake kwa kila dozi ni kubwa kidogo na vinachukua nafasi zaidi kwenye jokofu, lakini vilipojaribiwa Zambia upotevu ulipungua na idadi ya watoto waliochanjwa ikapanda kiasi. Muuguzi mwenye kichupa cha dozi 5 na watoto watatu mbele yake hana sababu ya kusitasita. Uamuzi wa kununua kichupa gani ni uamuzi wa gharama na mapendeleo kama ulivyo uamuzi wa mzazi yeyote, ila mzazi hayumo katika chumba unamofanyika.

Gharama ya siku nayo si moja kwa watu wote, na hapa pwani yetu ina jambo la kuwafundisha wapangaji. Wanawake wa vijiji vya pwani ya Mkinga na Pangani wanaolima mwani hawafanyi kazi kwa kalenda ya Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi yao inafuata mwezi wa angani. Maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndiyo yanayokupwa mbali kiasi cha kuwawezesha kufunga kamba, kupanda na kuvuna, na katika pwani hii maji hayo hufika mwisho wa kupwa asubuhi kuelekea mchana, yaani saa zile zile ambazo mlango wa kliniki uko wazi. Siku ya maji mafu, bahari isipokupwa mbali, mama huyo ana nafasi ya kukaa benchini hata kwa muda wa saa nne. Siku ya bamvua, kukaa benchini ni kuuacha mwani wa wiki kadhaa ukatikie baharini au uchafuke, na bamvua jingine litakuja baada ya wiki mbili. Kwa mpangaji aliye ofisini, Alhamisi ni Alhamisi. Kwa mama huyu, Alhamisi moja ni rahisi na inayofuata ni ghali sana, na ukimwona amekuja wiki ya 12 badala ya wiki ya 10 usikimbilie kuandika kwamba ni mzembe. Milimani Lushoto na Bumbuli hesabu hiyo ina sura ya gulio: siku ya kuteremsha mboga na viazi ndiyo siku ya fedha, na kliniki ikiangukia siku hiyo mbali na soko itakosa watu, ila ikiwekwa jirani na soko lenyewe huenda ikawapata wengi kuliko siku nyingine zote.

Kalenda ya mila nayo ina uzito wake, na katika jambo moja imeafikiana na ya kitabibu bila mtu kukusudia. Arobaini ya mzazi wa pwani inapokwisha, mtoto ana takriban wiki sita, yaani ndio wakati wa sindano ya kwanza ya chanjo tano. Mama anatoka ndani, mtoto anatolewa nje, na safari ya kliniki inakuwa miongoni mwa safari zake za kwanza. Sijui kama kuna mpangaji angeweza kubuni tarehe bora zaidi. Lakini arobaini hiyo hiyo inampunja mtoto aliyezaliwa nyumbani, kwa kuwa tone la kwanza la polio linatakiwa kutolewa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na BCG mapema iwezekanavyo. Kumwambia bibi kwamba mila yake ni kikwazo hakutasaidia. Kumpeleka muuguzi mlangoni kwa mzazi, au kumtumia mhudumu wa afya wa jamii kutoa taarifa ya uzazi ili mtoto afuatwe, kunagharimu fedha ambazo mtu fulani lazima azilipe. Swali ni nani.

Nimetaja homa. Kati ya mambo yote ambayo mzazi huyapima, hili ndilo lenye historia ndefu ya mapendeleo kugeuza sera, na si hapa kwetu bali kwa matajiri. Sehemu ya kifaduro katika chanjo yetu ya tano kwa pamoja hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Ni nafuu, kiasi kwamba dozi nzima yenye kinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo imekuwa ikinunuliwa kwa chini ya dola 1. Lakini huleta homa na uvimbe wa paja mara nyingi zaidi. Japani, mwaka 1975, baada ya vifo vya watoto wawili vilivyohusishwa na chanjo ya namna hiyo, utoaji wake ulisimamishwa kwa muda na wazazi wengi wakaikimbia. Kabla ya hapo wagonjwa wa kifaduro nchini humo walikuwa mia chache kwa mwaka. Mwaka 1979 walifika kiasi cha 13,000, na watoto 41 wakafariki. Wajapani wakaunda chanjo mpya yenye vipande tu vya bakteria, ikaanza kutumika mwaka 1981, na baadaye Marekani na Ulaya wakaifuata. Homa ikapungua, wazazi wakatulia. Kisha ikabainika kwamba kinga yake huchuja upesi zaidi; California mwaka 2010 ilipata wagonjwa zaidi ya 9,000 na vifo vya watoto wachanga 10. Shirika la Afya Duniani kwa hiyo likazishauri nchi zinazotumia chanjo ya bakteria mzima katika dozi za mwanzo ziendelee nayo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu mtu wa Tanga mwenye uwezo, anayesafiri hadi Dar es Salaam kumtafutia mtoto chanjo ya kulipia katika hospitali binafsi, huamini kwamba ananunua kitu bora kwa kila kigezo. Ananunua usiku wa utulivu, na katika baadhi ya chanjo ananunua kinga ambayo ratiba ya taifa haina, kama ya tetekuwanga. Hana kosa. Lakini asimwonee huruma jirani aliyechanjiwa zahanati. Katika kifaduro, jirani huyo huenda amepata kinga ya kudumu zaidi kwa gharama ya usiku mmoja wa kukesha. Nao akina mama wengi wanaobaki zahanati wameipa homa hiyo maana yao wenyewe: mtoto akichemka kidogo husema sindano imekubali. Si kanuni ya kitabibu, kwa kuwa hata asiyepata homa hukingika, lakini ni namna ya kuikubali gharama ambayo mtu ameshaipima. Kinachomvunja moyo mama si homa, ni kutoambiwa kwamba itakuja. Aliyeambiwa mapema hubaki na subira. Asiyeambiwa huhesabu kwamba alikwenda na mtoto mzima akarudi na mgonjwa, na safari ya wiki ya 10 inakuwa na mizani mpya.

Uvumi nao upo, hasa ule wa kwamba sindano ya mabinti huleta ugumba. Sitaupa nafasi kubwa, kwa kuwa umeandikwa sana na mara nyingi hutumika kama kisingizio cha wapangaji: ni rahisi kusema wazazi wanaogopa kuliko kukiri kwamba wamechoka. Chanjo ya mabinti ina somo jingine lisilotajwa. Ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja huamsha kinga inayodumu, Shirika la Afya Duniani likairidhia dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024. Dozi ya chanjo hii kwa miaka mingi iligharimu zaidi ya dola 4 hata kwa bei ya nchi maskini, hivyo serikali iliona akiba mara moja. Mzazi naye alipata akiba, na tayari kwa sehemu kubwa alikuwa ameondolewa safari, kwa kuwa sindano hutolewa shuleni. Katika ratiba nzima, hiyo ndiyo chanjo ambayo maslahi ya mnunuzi na ya familia yamekwenda upande mmoja.

Ndani ya nyumba kuna jambo ambalo dodoso nyingi hulipita. Tunasema “mzazi” kana kwamba ni mtu mmoja. Mara nyingi anayebeba mtoto ni mama, anayetoa nauli ni baba, na anayesema kama mtoto ana nguvu ya kuchomwa leo ni bibi. Baba hapimi foleni, kwa kuwa haikai. Anapima fedha iliyotoka, na ikitoka mara mbili kwa sindano moja, kwa sababu watoto hawakutimia, mama ndiye atakayejieleza. Halafu kuna maneno ya benchini. Mama aliyepitisha tarehe, au aliyepoteza kadi, anajua kwamba huenda akasemwa mbele za watu; atakaa nyumbani si kwa kuwa anaikataa chanjo bali kwa kuwa amejipangia bei ya aibu na ameiona kubwa. Bei hiyo, pekee kati ya zote nilizozitaja, inaweza kufutwa kesho asubuhi bila shilingi moja kutoka hazina.

Yote haya yatahitajika kupimwa upya kwa ajili ya malaria, na mkoa huu una haki ya kwanza ya kulizungumza. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, RTS,S, ilijaribiwa Korogwe, kama ilivyojaribiwa Bagamoyo. Matokeo ya awali ya vituo hivyo yalichapishwa mwaka 2008, na baadaye vyote viwili vikawa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa la watoto 15,460 katika nchi saba za Afrika. Wazazi wa Korogwe walitoa ridhaa, watoto wao wakatolewa damu mara kwa mara, na ni sehemu ya jibu ambalo dunia ilipata: kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, matukio ya malaria yalipungua kwa kiasi cha asilimia 36 katika miaka minne. Utoaji wa majaribio ulipoanza mwaka 2019 nchi zilizochaguliwa zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa pia Bagamoyo, ilipendekezwa mwaka 2023, na mtengenezaji alitangaza bei ya kati ya dola 2 na 4 kwa dozi, ilhali ile ya kwanza ilikuwa ikikaribia dola 10.

Kushuka huko kwa bei kulishangiliwa, na ni haki. Lakini kwa mzazi wa Korogwe au Muheza dola hizo hazikuwa zake kamwe. Kwake yeye chanjo ya malaria ni dozi nne, na nchi zilizoianza kwa kawaida huzipanga tatu za mwanzo mwezi mmoja mmoja kuanzia karibu na mwezi wa 5, na ya nne mtoto akiwa na mwaka na nusu au zaidi. Katika ratiba ya sasa, kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9 hakuna sindano hata moja. Ni kipindi ambacho mama amekwisha kurudi shambani na mtoto amekuwa mzito mgongoni. Chanjo hii ikiingizwa Tanga kwa mpangilio huo, itamletea safari tatu mpya, kwa kinga ya sehemu, dhidi ya ugonjwa ambao tayari anaupunguza kwa chandarua. Mzazi akiacha dozi ya tatu hatakuwa mjinga, atakuwa amepima. Dozi ya nne inaweza kuunganishwa na chanjo ya surua ya mwezi wa 18, ikaiokoa pia chanjo hiyo ya surua, ambayo wengi huisahau. Zile tatu za katikati zipelekwe vijijini kwa huduma ya mkoba, na siku za mkoba zikubaliwe na serikali ya kijiji, pamoja na wakulima wa mwani mahali walipo, kabla kalenda ya wilaya haijachapishwa.